Mavazi katika dini ya Kiyahudi

Katika dini ya Kiyahudi nguo ina sheria zake, kama chakula. Torati inakataza kuvaa nguo iliyochanganywa sufu na kitani (Walawi 19:19, Kumbukumbu la Torati 22:11). Sababu haikutajwa, na mshika dini hutii vivyo hivyo. Pamba haimo katika katazo hilo, kwa hiyo kanga au kanzu ya pamba haina tatizo.

Amri mashuhuri zaidi iko katika Hesabu 15:38: nguo itiwe vishada kwenye ncha zake. Msomaji wa Kibiti, au abiria wa Nyamisati anayeingia delta ya Rufiji na kikoi chake kiunoni, ataelewa upesi, maana kikoi nacho kina matamvua. Ila matamvua ya kikoi ni pambo, na ukiyakata kikoi ni kilekile. Kishada cha Kiyahudi hufungwa kwa hesabu. Nyuzi nne hupitishwa katika tundu kwenye ncha ya nguo, zikikunjwa zinakuwa 8, kisha hupigwa mafundo 5. Herufi za neno tzitzit, jina la kishada kwa Kiebrania, zikihesabiwa ni 600. Jumlisha nyuzi na mafundo, unapata 613, idadi ya amri za Torati. Anayekishika kishada wakati wa sala amezishika zote vidoleni.

Kofia ndogo iitwayo kipa haimo katika Torati; ni mapokeo ya unyenyekevu mbele ya Mungu. Mwanamke hufunika nywele akishaolewa, wakati msichana wa Kiislamu wa Rufiji huuzoea mtandio tangu madrasa.

Lakini vazi la kumtambulisha Myahudi halikuwa hiari yake siku zote. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliamuru Wayahudi watofautishwe kwa mavazi, na mwaka 1941 Wanazi wa Ujerumani waliwashonesha nyota ya njano kifuani. Uchungu huo pwani yetu inaujua: enzi za utumwa kofia na viatu vilikuwa vya waungwana, mtumwa akabaki na kaniki.

Nchini Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Leo wanawake wao hufuma kipa za nyuzi za rangi kwa mkono, nazo huuzwa hadi Marekani. Aliyewahi kuona kofia ya Kiswahili ikitobolewa vito, tundu baada ya tundu, anajua thamani ya kazi hiyo.

Maiti wa Kiyahudi huvikwa kitani cheupe kisicho na mfuko, tajiri na maskini sawa, jambo ambalo watu wa sanda hawahitaji kuelezwa. Mwanamume huzikwa na shali yake ya sala. Kabla ya kushushwa kaburini, kishada kimoja cha shali hiyo hukatwa, kwa kuwa aliyekufa hadaiwi tena amri.