Nyumba Inaanzia Chini

Vijana wenzetu, sisi tuliotoka Bukavu hatujasahau Jumapili ile, 3 Februari 2008. Tetemeko liliangusha nyumba kwetu na huku Rwanda pia, Rusizi na Nyamasheke. Watu walifia hadi kanisani. Wengi wanataja matofali mabovu, na ni kweli. Lakini historia inatuambia tuangalie na chini. Mwaka 1964 kule Niigata, Japani, maghorofa yalilala ubavu bila kuvunjika. Yaani mchanga uliojaa maji ukitikiswa, chembe zake zinaachana, uzito unabebwa na maji, ardhi inakuwa kama uji. Hapa Kigali tunapanga tu, ila siku ya kurudi tutajenga. Tukipata kiwanja karibu na ziwa, tuchimbe kwanza. Tukikuta mchanga wenye maji, msingi ushuke mpaka udongo mgumu, ama tutafute kwingine.