Majinuni: Kichaa Kilichopewa Jina la Mapenzi

Neno majinuni limo katika kamusi zetu kwa maana ya mwendawazimu. Asili yake ni Kiarabu, majnun, yaani aliyeingiwa na jini, na ndilo jina alilobandikwa Qays bin al-Mulawwah, mshairi anayesimuliwa kuwa aliishi Uarabuni katika karne ya 7. Alimpenda Layla, akamtungia mashairi mpaka jina la binti likawa midomoni mwa watu. Kwa aibu hiyo baba yake akakataa posa, akamwoza kwa mwingine. Qays akaishia nyikani pamoja na wanyama. Mwaka 1188 Nizami wa Ganja aliitunga upya hadithi hiyo kwa Kifarsi, nayo ikaenea hadi Bara Hindi.

Hapa tuzingatie jambo ambalo husahaulika: Layla naye alimpenda Qays. Tena Qays hakushinda. Kichaa chake kiliitwa kichaa.

Hadithi za baadaye zilibakiza kichaa, zikaiacha ridhaa ya Layla. Filamu za Kihindi zilipendwa sana Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na Kampala haikuwa nyuma, hata kabla ya Wahindi kufukuzwa mwaka 1972. Katika nyingi za filamu hizo kijana humfuata msichana njiani, humwimbia, hukataliwa, hufuata tena, na mwisho msichana hucheka. Kukataa kwake huwa ni sehemu ya mchezo tu. Mwaka 1993 ikatoka Darr, maana yake ‘hofu’, ambamo Shah Rukh Khan alicheza kijana anayemwandama mwanamke aliye na mchumba wake. Mwandamaji anauawa mwishoni, lakini ndiye watazamaji waliyemkumbuka na kumwonea huruma. (Jina la filamu lilikuwa limekwisha kusema kila kitu.)

Riwaya ya Kiswahili inayoligeuza jambo hili ni Vuta N’kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin ameozwa kwa Raza, mtu wa makamo ya baba yake. Mwandishi anaanza na Yasmin, si Raza, kwa hiyo msomaji huiona ndoa hiyo kwa macho ya yule anayetaka kutoka. Anapomkimbia mumewe, hatuambiwi kwamba amevunja moyo wa mtu mwema. Tunapumua naye.

Kwetu walimu wa Uganda suala hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi Kiswahili kilisikika hapa zaidi kambini na katika vituo vya polisi. Msamiati wa mapenzi wanafunzi wengi huupata vitabuni na katika nyimbo: kuteka moyo, kunasa, kuwinda, mateka wa penzi. Ni lugha ya vita na mtego. Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwateka wasichana 139 katika shule ya Aboke. Mtawa mmoja aliwafuata msituni akarudi na 109. Kati ya waliobaki, wengi waligawiwa makamanda, wakaitwa ‘wake’ zao. Mwanafunzi aliyetoka Lango au Acholi hawezi kulisoma ‘ameniteka’ kama mwenzake wa Unguja.

Zoezi moja linafaa kujaribiwa darasani. Wape wanafunzi kifungu cha hadithi ambamo mwanamume anasubiri usiku kucha nje ya nyumba ya mwanamke, kisha waandike upya tukio lile lile, msimulizi akiwa ni yule aliye ndani, taa imezimwa.