Kamera isiyodai majiwe: kwa nini wazee wa foto waliishikilia

Vijana wengi huuliza kwa nini wapiga foto wa zamani walizipenda zile kamera nzito za chuma, wakati zile za kujiendesha zilikuwa zimeshafika sokoni. Wengine husema ni ukaidi wa uzee. Mimi sikubali.

Tuangalie kamera mbili za Japani zilizotoka mwaka mmoja, 1976. Ya kwanza ni Canon AE-1. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo iliyopima mwanga na kumchagulia mpigaji. Lakini jiwe lake likikwisha, haipigi hata foto moja. Ya pili ni Pentax K1000. Hiyo haikuwa na akili yoyote: umbali, tundu la mwanga na mwendo wa pazia, vyote unazungusha kwa mkono. Kijiwe chake kilitumika kwa sindano ya kupimia mwanga tu. Kikifa, kazi inaendelea. Ilitengenezwa mpaka 1997. Mwaka 1977 Konica ikaleta C35 AF, kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi iliyojitafutia umbali yenyewe, na watu wakadhani kazi ya mkono imekwisha.

Kwa anayeishi mbali na duka la vipuri, hesabu ni rahisi. Kamera ya mkono ni skrubu, springi na meno ya chuma. Fundi wa saa anaweza kuifungua na kuifunga tena.

Na kumbe mpiga foto mmoja mashuhuri wa nchi yetu alikuwa fundi wa namna hiyo. Jean Depara alizaliwa Angola mwaka 1928. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo ya Adox ili ndoa yake iwe na kumbukumbu. Akahamia Léopoldville, akawa anatengeneza baiskeli, saa na kamera huku akipiga foto. Mwaka 1954 mwanamuziki Franco alimchukua awe mpiga foto wake. Usiku alizunguka katika baa na taa yake ya kumulika, akipiga wacheza dansi na vijana wa mjini.

Fikirini kazi hiyo ya usiku. Taa ya zamani haikujua mtu amesimama wapi. Kila taa ilikuwa na namba yake, na mpigaji aligawanya namba hiyo kwa umbali. Taa ya namba 28, mtu akiwa mita 5, unapata 5,6: hilo ndilo tundu unaloweka kwenye lenzi. Akisogea mpaka mita 2, unaweka 14. Hayo yote kichwani, muziki ukilia, na mkanda wa foto 36 ulionunuliwa kwa pesa yako. Mchana palikuwa na kanuni nyingine: mkanda wa nguvu 100, jua kali, weka 16 na mwendo wa 1/125 ya sekunde. Wingu likifunika, fungua mpaka 8. Hakuna kipimo, ni macho tu.

Foto ya upanga wa mfalme nayo ni ya wakati huo. Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, Mfalme Baudouin alikuwa amesimama ndani ya gari la wazi Léopoldville, na Mkongo mmoja akamnyang'anya upanga. Mjerumani Robert Lebeck akainasa. Hakuna kamera iliyouzwa wakati ule ambayo ingemtafutia umbali.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa zaidi: uso wa mtu mweusi. Kamera inayojipimia haijui uso ni nini. Inachukulia kwamba kila kinachoonekana mbele yake, kwa wastani, ni cha rangi ya kijivu. Ukimweka mama mbele ya ukuta mweupe, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wa mama unakuwa kama kivuli. Ukimweka juu ya mawe meusi ya volkano hapa Goma, inafanya kinyume: inaongeza mwanga, na shati lake jeupe linaungua. Mpiga foto wa mkono alisogea karibu, akapima shavu, akarudi nyuma akapiga. Ile ilikuwa heshima kwa mteja, hata kama yeye aliiita kazi tu.

Uso kutoonekana si jambo dogo. Baada ya 1994, katika kambi za wakimbizi kando ya Goma, maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi walipigwa foto, zikabandikwa ili ndugu wazitambue. Mzazi aliyesimama mbele ya ubao ule alikuwa anatafuta macho, pua, kovu la paji la uso.

Mahema meupe ya wahami leo yana shida ile ile ya ukuta mweupe. Ukipiga kwa simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo. Simu nyingi zitapima hapo. Au mgeuze mtu awe na kitu cheusi nyuma yake.

Sisemi zamani kulikuwa raha. Mikanda iliungua na arusi zikapotea. Mimi mwenyewe napiga kwa simu kila siku. Lakini mkanda uliacha kitu ambacho simu iliyoibwa haiachi: negativu. Volkano ya Januari 2002 iliunguza nyumba nyingi za katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikafika Buhene, na vita vimewatoa watu Masisi na Rutshuru mikono mitupu. Familia iliyopoteza albamu huenda bado ina sura ya baba kwenye kasha la studio aliyopigiwa mwaka 1985.

Kwa hiyo wenye studio za zamani, msitupe makasha hayo. Yawekeni pakavu, mbali na jua. Nanyi familia, mkienda kuuliza, tajeni mwaka, jina la aliyelipa na sherehe ilikuwa ipi. Negativu ikipatikana, iwekeni juu ya kioo cha simu kinachoonyesha weupe mtupu, mpige kwa simu ya pili, kisha mgeuze rangi.