Gofu mtaani: anayeuza ni nani?

Marekani, watafutaji wa nyumba za kuwekeza huzunguka mitaani kwa gari wakiangalia majani marefu na madirisha yaliyopigiliwa mbao, kisha husaka jina la mwenye nyumba kwenye kumbukumbu za serikali zilizo wazi.

Hapa Tanzania bodaboda inatosha. Shida yetu ni kwamba gofu mara nyingi ni mirathi. Ndiyo maana kuta zimeandikwa “Nyumba hii haiuzwi”. Majirani watakupa historia yake, lakini mwenye nyumba akishafariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa tu. Akiwa hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa ya mwenzi wake kwa nyumba ya familia. Nyumba ikiwa na hati, omba upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa kishika uchumba.