Toleka

Toleka ni neno la Kisangani, mji mkuu wa jimbo la Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lenye maana ya baiskeli ya kubeba abiria kwa malipo. Limetokana na kitenzi cha Kilingala *koleka*, 'kupita'; *toleka* ni 'tupite'. Kiswahili na Kilingala huzungumzwa pamoja mjini humo, hivyo neno liliingia katika Kiswahili bila kubadili sura. Mwendeshaji huitwa tolekisti, kwa kiambishi cha Kifaransa. Lugha tatu zimekutana katika neno moja la mtaani, na kamusi zetu zingepaswa kulipa nafasi.

Abiria huketi nyuma, kwenye kiti chenye mto kilichofungwa juu ya keria. Toleka zilienea miaka ya 1990, magari yalipopungua. Vita vya 1998 vilipokata njia ya mto kwenda Kinshasa na mafuta yakaadimika, ndizo zilizouendesha mji. Kwenye barabara ya zamani ya Buta, upande wa msitu wa hifadhi wa Masako, baiskeli hubeba pia makaa na mazao ya mashambani. Pikipiki zimeshachukua abiria wengi. Neno la karibu nalo ni bodaboda, lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, nalo pia likianzia kwenye baiskeli.