Bahasha ya Mamkubwa: Kariakoo na watu waliochora ili wasisahau

Leo tuiache maabara kidogo, tuingie sokoni.

Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Mama yangu mkubwa alikuwa na kizimba shimoni, ile sakafu ya chini kabisa. Baada ya moto akahamishia biashara kwingine, maisha yakaendelea. Siku moja nikamuuliza, "Mamkubwa, hivi kizimba chako kilikuwa upande gani hasa?" Nikatoa simu nimwonyeshe picha zangu za pale. Zilikuwa kama thelathini, zote za sura: mimi na yeye, mimi na maembe, mimi na binamu. Hakuna hata moja iliyoonyesha ngazi ziko wapi.

Yeye akachukua bahasha kuukuu, akaomba kalamu. "Mimi sijui kuchora, mwanangu," akasema, kisha akachora. Ngazi, nguzo mbili, kizimba cha jirani wa vitunguu, kizimba chake. Kwenye kona akaweka kiduara: hapa ndipo maji yalikuwa yakituama.

Bahasha ile ndiyo iliyonifanya nianze daftari la michoro, mimi ambaye shuleni hata moyo wa baiolojia ulikuwa unanishinda. Ikanifanya pia nitazame nyuma: katika jiji hili, nani wengine walichora, na kwa nini?

Tuanze na soko lenyewe. Wajerumani walijenga banda kubwa hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa katika vita ambavyo havikuwa vyao, wengi kwa maradhi na njaa. Miaka ya 1920 banda likawa soko.

Jengo tunalolijua sisi ni la baadaye. Lilichorwa na Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938, akasomea usanifu majengo Haifa, Israel, akawa miongoni mwa wasanifu Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki. Lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miamvuli mikubwa ya zege. Nimepita chini yake tangu utotoni, na ungeniuliza lilivyo ningekujibu "lipo juu juu hivi." Nilipojaribu kulichora nikiwa nimesimama ng'ambo ya barabara ndipo nikagundua kwamba nguzo na paa ni kitu kimoja: nguzo inapanda, halafu inafunguka. Miaka yote hiyo nilikuwa natazama tu, sioni.

Sasa utasema, Amuli alikuwa msomi, mimi je? Basi mfikirie Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akaja mjini kutafuta riziki, akafanya vibarua vya kila aina. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na miaka thelathini na sita hivi, bila shule yoyote ya sanaa. Hakusubiri vifaa vya gharama. Alichukua vibao vya hadibodi vya mraba na rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi. Hesabu mwenyewe: miaka minne tu. Lakini ndugu na wanafunzi aliowafundisha waliendelea, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Mwingine ni Sarah Markes, mchoraji kutoka Uingereza aliyeishi hapa Dar. Yeye alizunguka katikati ya jiji akichora majengo ya zamani, yale ya roshani na ya maduka chini, mengi yakiwa na jina na mwaka vimeandikwa usoni. Alikuwa anakimbizana na wakati, maana majengo hayo yalikuwa yakivunjwa kupisha maghorofa. Michoro yake ilitoka katika kitabu Street Level, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2011. Ukikifungua leo kisha ukatembea mtaa kwa mtaa, utaelewa kwa nini aliharakisha.

Na sayansi inasemaje? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, Jeffrey Wammes na wenzake, walichapisha majaribio rahisi tu. Watu walipewa maneno, mengine wayaandike, mengine wayachore. Baadaye wakaulizwa wanakumbuka yapi. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, hata pale walipopewa sekunde nne tu za kuchora. Jambo la kutia moyo: uzuri wa mchoro haukuwa na maana kubwa. Maelezo yao ni kwamba ukichora, akili inashughulika na maana ya kitu, umbo lake na mwendo wa mkono kwa pamoja. Kumbukumbu inapata njia tatu za kurudia badala ya moja. Ndiyo maana Mamkubwa aliikumbuka ile kona ya maji katikati ya kuchora, wala sikuwa nimemuuliza.

Hebu tuanze, basi. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi:

Daftari langu ni kaunta buku dogo la kawaida, na kalamu ni ya wino. Situmii penseli, kwa sababu nikiwa na ufutio nitafuta mpaka karatasi itoboke.

Nachora kitu kimoja kwa siku, dakika kumi. Nilianza na vitu vilivyotulia: mizani, tenga la nyanya, sado, fungu la ndimu. Watu nimewaacha kwanza. Wanatikisika, na si kila mtu anapenda kuchorwa.

Naomba ruhusa. "Shikamoo mama, naomba nikae hapa kidogo nichore mizani yako." Wengi hucheka, kisha wanakuja kukosoa. Mmoja aliniambia mizani yangu inapunja.

Chini ya mchoro naandika tarehe, mtaa na sentensi moja: bei ya nyanya, harufu, mvua ilinyesha au la. Hicho ndicho kitu ambacho picha zangu thelathini hazikuwa nacho.

Siku nikiruka, sijilaumu. Naendelea kesho yake.

Nina kurasa arobaini na moja sasa. Nyingi ni mbaya, nakiri. Bahasha ya Mamkubwa nimeigundisha ukurasa wa kwanza. Wiki iliyopita aliiona, akaiangalia kwa muda, akaomba kalamu. Alikuwa amesahau kuchora kigoda chake.