Kuponi ya Nafaka

Binti wa jirani yangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma China alinijia jioni moja, akaniamkia, akakaa, kisha akaniomba nimtajie vitabu. “Si vya siasa, babu,” alisema. “Nataka kujua watu wa kule wanaishije.” Nilimwahidi kitabu kimoja kila wiki mpaka siku ya safari. Nilikuwa navyo vitatu, vyote kwa Kiingereza.

Wiki ya kwanza nilimpa riwaya ya Lao She kuhusu Xiangzi, kijana wa shamba aliyekuja Beijing kukokota rikisha, kile kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu. Ilitoka kwa sehemu katika jarida kuanzia mwaka 1936. Xiangzi anadunduliza miaka mitatu ili anunue rikisha yake mwenyewe; akishaipata, wanajeshi wanamkamata na kumnyang’anya. Anaanza upya, na akiba ya pili nayo inachukuliwa, safari hii na mpelelezi. Ukimaliza kitabu hicho unajua bei ya jasho la mtu mmoja kuliko hotuba yoyote inavyoweza kukueleza. Tafsiri ya kwanza iliyotoka Marekani mwaka 1945 ilibadilisha mwisho ukawa wa furaha. Nilimwonya binti asiitafute hiyo. Mwandishi mwenyewe hakubahatika kupata mwisho mwema: Agosti 1966, siku moja baada ya kupigwa na vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni, alikufa katika ziwa moja la Beijing.

Kitabu cha pili ni cha Fei Xiaotong, kilichochapishwa mwaka 1939, juu ya kijiji cha Kaixiangong karibu na ziwa Tai. Fei alifika huko mwaka 1936 akiwa mjane na majeruhi. Mwaka uliotangulia, akiwa na mkewe katika utafiti milimani Guangxi, alinasa katika mtego wa chui milia. Mkewe alikwenda kutafuta msaada akafia majini. Kijijini aliandika mambo ambayo wakubwa hawayaulizi: nani anamdai nani, hariri inauzwaje, binti anaolewa na nini. Aliona kwamba bei ya hariri ikianguka mkulima hukopa, na akikopa huwa amekwisha. Aliporudi mwaka 1957 alisema kwamba mavuno ya nafaka yameongezeka, lakini fedha mkononi mwa mkulima zimepungua, kwa kuwa kazi za mikono za kijiji zimepuuzwa. Mwaka huohuo akatiwa katika kundi la watu wa mrengo wa kulia, akanyamazishwa kwa miaka mingi.

Kabla ya kitabu cha tatu nilimwonyesha binti kipande cha karatasi nilicholetewa zamani na rafiki. Ni kuponi ya nafaka ya jin moja, yaani nusu kilo, ndogo kuliko noti. Mwishoni mwa 1953 serikali ya China ilichukua biashara yote ya nafaka mikononi mwake, na mwaka 1955 kuponi zikaanza. Tangu hapo mtu wa mjini hakuweza kununua mchele, unga wala bakuli la tambi hotelini kwa fedha peke yake. Ilibidi atoe na kuponi. Za jimbo hazikufaa jimbo jingine. Msafiri alipaswa kwanza kubadilisha apate zile halali nchi nzima, na yangu ni mojawapo ya hizo.

Kubwa zaidi ni nani aliyezikosa. Mwanakijiji, yule anayelima, hakupewa. Alitarajiwa kula kile kilichobaki baada ya serikali kuchukua chake. Mtoto naye alifuata daftari la mama yake: mfanyakazi wa mjini akioa mwanamke wa kijijini, watoto wao walihesabiwa wa kijiji na mgao wa mji haukuwahusu. Ndoa ngapi zilivunjika kabla ya kufungwa kwa sababu ya karatasi hii! Zilikoma mwaka 1993, baada ya karibu miaka arobaini.

Ndipo nikampa kile cha Yang Jisheng, kilichotoka Hong Kong mwaka 2008. Mwaka 1959 Yang alikuwa mwanafunzi katika jimbo la Hubei alipoambiwa kwamba baba yake aliyemlea anakufa kwa njaa. Alichukua posho yake ya mchele shuleni akakimbia nyumbani. Mzee hakuweza tena kumeza. Kwa miaka mingi Yang aliamini kwamba huo ulikuwa msiba wa nyumba yao tu. Alipokuja kuwa mwandishi wa shirika la habari la serikali ndipo akafukua majalada ya majimbo, na hesabu yake ikafika watu milioni 36. Wataalamu wengine wana hesabu zao, za chini au za juu, lakini zinazokubalika sana zote ni za mamilioni mengi.

Mimi nilikua na picha nyingine. Majarida ya rangi kutoka Peking, mengine kwa Kiswahili, yalikuwa mengi kwetu hata tukiyatumia kujalidia madaftari. Kila ukurasa una ghala limejaa. Halafu kati ya 1970 na 1975 wakaja wenyewe kujenga reli ya kwenda Zambia. Kambini mwao walilima mboga kila penye nafasi, nasi tuliwacheka: watu wamekuja kujenga reli, wanahangaika na kabichi! Sasa nafanya hesabu. Aliyekuwa na miaka thelathini mwaka 1971 alikuwa na kumi na minane mwaka 1959. Alikuwa wapi mwaka ule, na alimzika nani? Hatukuuliza, na nadhani tungeuliza asingejibu.

Binti alirudisha vitabu viwili vya kwanza mapema. Hiki cha tatu alikileta nusu, akasema kinamnyima usingizi, atakimalizia huko aendako. Nikamwambia huko hakiuzwi, na ni afadhali akimalize hapahapa kabla ya ndege. Alikirudisha asubuhi ya kuondoka, kuponi ikiwa ndani.